Basi Letu Lilipokwenda Kinyumenyume

Kwanza niseme wazi kwamba uwaziri sikujipa mwenyewe. Nilichaguliwa, tena kwa kura nyingi, na mwenye malalamiko awapelekee wapiga kura.

Haya yalitokea katika Jamhuri ya Tunakuja. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ofisi yetu ya ramani iko katika maandalizi ya awali, huu ukiwa mwaka wa thelathini na nane. Ni nchi nzuri yenye mito miwili, chuo kikuu kimoja na vilabu viwili vya mpira. Vilabu vingine vipo, lakini kazi yao ni kufungwa na hivi viwili ili ligi ijae. Kimoja ni Ngurumo, watu wa jezi ya zambarau. Kingine ni Mnara, watu wa jezi ya rangi ya chungwa. Kwetu mtu haulizwi kabila wala dini. Anaulizwa yeye ni Ngurumo au Mnara, na akichelewa kujibu polisi humsaidia kukumbuka.

Mimi, Chesko Damas Luhanga, ni Ngurumo. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea uendeshaji wa uchukuzi, na kabla ya uwaziri nilikuwa katibu wa tawi la mashabiki hapo chuoni. Tawi letu lilikuwa na kadi, mhuri, sare na kumbukumbu za vikao tangu lilipoanzishwa. Chuo chenyewe kilikuwa na mhuri tu.

Siku ya kampeni wagombea wenzangu walisoma ilani. Mmoja alizungumzia zahanati isiyo na dawa, mwingine akazungumzia vyoo, ukumbi ukasinzia. Mimi nilipanda jukwaani na jezi yangu, nikapiga ngoma mara tatu, nikasema, "Jumamosi tunawapiga!" Watu walisimama juu ya viti. Hakuna aliyeuliza nitafanya nini kuhusu usafiri, nami sikutaka kuwaharibia furaha. Hata wa Mnara walinipigia kura, wakiamini kwamba nikiwa na cheo nitakosa muda wa kushangilia. Kumbe hawakujua uwaziri una nafasi kiasi gani.

Nikawa Waziri wa Usafiri na Ustawi katika serikali ya wanafunzi. Usafiri wenyewe ulikuwa basi moja. Hosteli zetu zilikuwa kilomita nne kutoka madarasani, kwa sababu pale karibu na madarasa, ambapo hosteli ilipaswa kujengwa, paliwekwa jiwe la msingi la hosteli, na jiwe hilo lilitunzwa vizuri sana. Lilikuwa na mlinzi usiku na mchana. Basi halikuwa na mlinzi, lilikuwa na Mzee Bakiri, dereva aliyeliendesha tangu lilipokuwa jipya na yeye akiwa kijana.

*

Wiki ya tatu ya uwaziri wangu aliingia ofisini Asumini Pwele, wa mwaka wa tatu, kozi ileile ya uchukuzi. Asumini alitembelea magongo mawili tangu utotoni kwa sababu mguu wake wa kushoto haukuwa na nguvu. Aliketi bila kukaribishwa, akalaza magongo juu ya meza yangu, juu ya ratiba ya ligi.

"Waziri, nina sapu."

Sapu ni mtihani wa marudio. Ukiukosa huo unadisko, yaani unafungasha godoro unarudi nyumbani, na ukifika unaanza kuwaeleza shangazi zako mmoja mmoja.

"Pole dada. Ulifeli?"

"Sikufeli. Sikuufanya kabisa. Siku ya mtihani nilikaa kituoni pale hosteli mpaka saa tano, basi halikuja. Lilikuwa limekwenda uwanja wa ndege kumpokea mshambuliaji mpya wa Ngurumo."

Nilikohoa. Safari hiyo niliiandaa mimi, na barua ya kuomba basi ilikuwa na sahihi yangu. Mshambuliaji mwenyewe hakuja. Tulimbeba juujuu mtu mwingine mrefu aliyeshuka kwenye ndege, tukaimba saa nzima, baadaye akatuambia yeye ni mkaguzi wa mizani.

"Sapu yangu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi," aliendelea Asumini. "Sitaki hotuba. Nataka kujua kitu kimoja tu. Basi litakuwepo?"

Niliweka mkono kifuani, juu ya nembo ya Ngurumo.

"Dada Asumini, litakuwepo. Hilo niachie mimi."

Akatoa daftari akaandika maneno yangu hayo, akaweka na tarehe. Nilidhani ananipenda.

*

Jumamosi iliyofuata Ngurumo na Mnara walikutana katika mechi ya kombe. Ilikuwa miaka kumi na moja hatujawafunga watani zetu. Watoto walikuwa wamezaliwa, wamesoma, wamefika darasa la tano, hawajawahi kumwona baba akitabasamu Jumapili.

Basi lilipotoka hosteli likiwa limejaa wanachama wa tawi, lilitoa mlio mbaya tumboni, likasimama. Mzee Bakiri alihangaika na gia, akashuka, akachungulia chini, akarudi akijifuta mikono.

"Wanangu," alisema, "gia zote zimekufa. Iliyobaki ni ya kurudi nyuma."

Mtu mwenye akili angeshuka akatafuta usafiri mwingine. Sisi tulipiga kura. Kwa kauli moja tuliamua kwenda uwanjani hivyohivyo, kinyumenyume, Mzee Bakiri ameipindua shingo dirishani, sisi vitini tukitazama tulikotoka. Tuliingia uwanjani kipindi cha pili kinaanza. Hatujakaa vizuri, bao. Tunapongezana, bao. La tatu sikuliona kwa sababu nilikuwa nalia. Tatu bila.

Jumatatu fundi alitengeneza gia. Jumatano tulikwenda mbele kama watu wote kuitazama Ngurumo ikicheza na timu ya Wizara ya Mbolea, timu ya mkiani, ambayo kipa wake alikuwa pia mpishi. Tulifungwa moja bila, tena tulijifunga wenyewe.

Sasa, kila tawi la mashabiki lina kamati ya ufundi. Watu wa nje hudhani kamati hiyo inashughulikia mbinu za mchezo. Wa ndani wanajua inashughulikia nini, na hawasemi. Zamani kamati yetu iliongozwa na mzee mmoja mwenye kibuyu, lakini sisi ni wasomi, tukamweka Othumani, mwanafunzi bora wa takwimu, ambaye kila mtu alimwita Takwimu. Jumatano ile Takwimu aliitisha kikao cha dharura kwenye chumba cha kupigia pasi.

"Tuna sampuli mbili," alisema, akichora ubaoni. "Kinyumenyume, tumeshinda. Kwenda mbele, tumefungwa. Data zote zimekubaliana asilimia mia moja. Hata profesa wangu hajawahi kupata matokeo safi namna hii."

Tulitazamana. Kulikuwa na watu thelathini na wawili mle ndani, wote wanafunzi wa chuo kikuu, na hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyeunga mkono hoja.

*

Mechi ya ligi, ya pili dhidi ya Mnara, ilipangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Mnakumbuka nilichomwambia Asumini kuhusu Jumamosi hiyo. Mimi pia nilikumbuka, ila nilikumbuka kwa mbali.

Nilikwenda na Takwimu kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Yustino Ndelwa, ambaye pia alikuwa mlezi wa tawi. Ofisi yake ilikuwa na mapazia ya zambarau, zulia la zambarau na kalamu za zambarau, mambo aliyotueleza kuwa yalitokea tu. Alisikiliza hoja za Takwimu akiwa amefumba macho, kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti na kuhutubia watu wawili kwa sauti ya kuwatosha elfu mbili.

"Vijana wangu! Kuna mataifa yanayokimbilia mbele, mbele, mbele, bila hata kujua nyuma kuna nani. Sisi tutakuwa chuo cha kwanza duniani kusafiri tukiitazama historia yetu! Mwanafunzi atakayepanda basi hili atajifunza unyenyekevu, atajifunza subira, na shingo yake itapata mazoezi. Nani alisema kwamba mbele ndiko mbele? Je, kuna utafiti?"

"Hakuna, Profesa," alisema Takwimu.

"Basi tutaufanya sisi!"

Kesho yake ukatoka waraka. Ulisema kwamba kuanzia Jumatatu ya wiki ya pambano, gari la chuo litasafiri kwa mwelekeo mbadala. Wanafunzi wa Mnara waliandamana mpaka kwenye jiwe la msingi la hosteli, wakisema basi ni la wote na haliwezi kufanya kazi ya upande mmoja. Profesa aliwasikiliza, akatoa uamuzi wa busara. Gia ikawa ya Ngurumo, honi ikawa ya Mnara. Wakateua kijana wao wa kukaa karibu na usukani, akapiga honi wiki nzima, kila alipojisikia.

Asumini alinikuta kwenye foleni ya chakula.

"Waziri, nimesoma waraka. Basi la Jumamosi litakwenda kinyumenyume?"

"Kwa mwelekeo mbadala."

"Litafika saa tatu?"

"Dada, serikali inalishughulikia."

Akafungua daftari lake, akaandika na hilo.

*

Jumatatu tulichukua saa mbili na nusu kufika madarasani. Tatizo halikuwa basi, lilikuwa shingo ya Mzee Bakiri. Mtu hawezi kuendesha kilomita nne akitazama nyuma bila kupumzika, kwa hiyo utawala ukampa likizo ya shingo, dakika kumi kila nusu kilomita. Kila likizo tulisimama kando ya barabara, wanafunzi wa uuguzi wakamchua kwa dawa ya misuli, kijana wa Mnara akipiga honi. Kufikia Jumatano kichwa cha mzee hakikurudi sawa tena. Alituambia kwamba nyumbani anakula akiwa ameipa sahani ubavu na mke wake anamwona wa upande mmoja tu.

Tulikuwa tukifika vipindi vimekwisha. Wahadhiri walilalamika kwamba wanafundisha viti. Hapa ndipo nilipofanya kazi yangu ya kwanza ya uwaziri, nami niliifanya kwa mikono miwili. Niliandika Azimio la Saa ya Basi. Lilisema hivi: shughuli yoyote ya chuo inahesabiwa kuanza basi linapofika, na lolote lililofanyika kabla basi halijafika halijafanyika.

Nililisoma mbele ya mkutano wa wanafunzi. Kwa azimio hilo hakuna atakayechelewa tena maishani mwake. Walinibeba. Mmoja alilia, akasema tangu chuo kianze hajatokea waziri mwenye huruma namna hii. Nikiwa huko juu mabegani kwa watu nikauona mkono mmoja umenyooshwa, na ukashuka kwa sababu mwenye mkono alihitaji kushika gongo.

"Swali," alisema Asumini. "Na aliyefika kwa miguu kabla ya basi?"

Nilicheka, watu wakacheka.

"Dada Asumini, hakuna anayekuja kwa miguu. Ndiyo maana tuna basi."

Makofi yalidumu sana. Alhamisi Seneti ya chuo ilipitisha Azimio bila kubadili hata nukta, Profesa akalitia mhuri wa zambarau.

*

Jumamosi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kituo cha hosteli kilikuwa kimejaa. Mpango ulikuwa mzuri. Wenye sapu ya Misingi ya Uchukuzi wa Abiria walikuwa kumi na wanne. Basi lingewashusha chuoni saa tatu, kisha sisi wa tawi tungeendelea mjini kwenye mechi, na muda ungebaki. Nilikuwa nimevaa jezi, nimejipaka uso zambarau, na nimebeba ngoma.

Takwimu alisimama mlangoni mwa basi na karatasi.

"Kamati imekaa jana," alitangaza. "Tumegundua kasoro kwenye utafiti. Siku ile tulipowafunga, tulikuwa tumeshapanda basi ndipo likaharibika. Leo basi linaanza kinyumenyume tangu hapa, kwa hiyo ili mambo yalingane, na abiria wote wapande kinyumenyume. Atakayetanguliza uso ataiua timu."

Sikuelewa hesabu yake, na mpaka leo sijaielewa. Lakini ilikuwa na neno "utafiti" ndani, na mechi ilikuwa saa kumi. Tukaanza kupanda tukitanguliza visigino. Kumi na watatu wa sapu walipanda. Wakabaki wawili chini, Asumini na mimi.

Ngazi za basi lile zilikuwa tatu, ndefu. Asumini aligeuka, akapeleka gongo moja nyuma, likateleza. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliyumba, nikamdaka bega.

"Haiwezekani," alisema. "Nikipanda kwa mbele nazipanda kila siku. Kinyumenyume siwezi. Mwambie anipishe."

Nilimtazama Takwimu. Takwimu akatikisa kichwa.

"Tumbebe," nilisema.

"Akibebwa atakuwa hajapanda," alisema Takwimu. "Atakuwa mzigo. Mzigo haumo kwenye sampuli."

Ndani ya basi walianza kuimba. Kijana wa Mnara alipiga honi. Asumini aliinua upindo wa sweta lake, na chini yake nikaiona jezi ya zambarau, ile ya zamani, ya kabla hata sijaanza shule ya sekondari.

"Kadi yangu ya Ngurumo ni namba kumi na saba," alisema. "Ya kwako ni namba ngapi?"

"Mia nne na sita."

"Basi usidhani siipendi timu. Timu naipenda. Nina mtihani saa tatu, na wewe ni waziri wa usafiri. Nifanye nini, Chesko?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Nilikuwa na madaraka kamili. Ningeweza kusema neno moja, "Panda," na Takwimu, ambaye uzito wake haukuzidi wa ngoma yangu, angesogea. Nilifungua mdomo kulisema. Nikazifikiria zile tatu bila.

"Serikali inalishughulikia," nilisema, nikapanda kinyumenyume.

*

Ubaya wa kusafiri kinyumenyume ni kwamba unaowaacha unaendelea kuwatazama. Kioo cha mbele cha basi kilielekea kituoni, na viti vyetu vyote vilielekea kioo. Tulimwona Asumini akitazama saa, akakaza mkoba mgongoni, akashuka barabarani kutufuata. Watu sitini walimwona. Nyimbo zilipungua kidogo, nikapiga ngoma zikarudi.

Alikuwa mdogo, akawa mdogo zaidi. Kisha ikafika likizo ya kwanza ya shingo, naye akaanza kukua. Basi likiondoka anapungua, basi likisimama anaongezeka, na kila likizo aliongezeka kuliko alivyopungua. Baada ya kilomita mbili aliujaza upande wote wa kushoto wa kioo. Niliona jasho. Niliona amefunga leso kwenye kiganja cha kulia. Alipofika usawa wa dirisha langu nilifungua.

"Dada Asumini! Panda, tumesimama!"

Hakusimama. "Kwa mbele au kinyumenyume?"

Nikamtazama Takwimu.

"Kinyumenyume," nilisema, kwa sauti ndogo.

Akapita. Hatukumwona tena, kwa sababu alikuwa amekwenda upande tunakoelekea, na huko hakuna aliyekuwa anatazama isipokuwa Mzee Bakiri. Dakika tano baadaye Mzee Bakiri naye akapiga ukelele. Shingo ilikuwa imekaza kabisa, haiendi huku wala kule, na macho yake yalikuwa yanatazama shamba la mihogo.

"Wanangu, mimi naona mihogo tu," alisema. "Mtaniongoza nyinyi."

Tulimwongoza sisi. Watu sitini walipiga kelele kwa pamoja, kata kushoto, nyoosha, kata, hapana kushoto yako, na kijana wa Mnara akisaidia kwa honi. Tuliingia mtaroni mara mbili na mara moja kwenye harusi. Tulifika chuoni saa sita kasorobo.

*

Msimamizi wa mtihani alikuwa Daktari Sekela, mama mmoja mpole anayefuata kanuni kiasi kwamba hata chai huinywa baada ya kuwaonyesha wenzake barua ya ruhusa. Ukumbini alikuwemo yeye na Asumini tu. Asumini alikuwa ameingia saa tatu kasoro dakika tano, akapewa karatasi saa tatu kamili, akaandika, na tulipofungua mlango ndiyo kwanza alikuwa anakabidhi majibu.

Nilifurahi. Naomba niaminiwe hapo. Nilijisikia mwepesi, nikasema, "Hongera dada, si unaona, serikali ilikuwa..."

"Kaeni," alisema Daktari Sekela. "Mtihani unaanza."

Asumini aligeuka polepole. "Mimi nimemaliza, Daktari."

"Nasikitika sana, mwanangu." Akavuta karatasi mezani, na nikautambua mhuri wa zambarau kabla hajaisoma. "Azimio la Saa ya Basi. Lolote lililofanyika kabla basi halijafika halijafanyika. Basi limefika sasa hivi." Akayachukua majibu ya Asumini kwa mikono miwili, kwa heshima, akayatia kwenye bahasha, akaandika juu yake: Hayajafanyika. "Utaanza upya na wenzako. Usipoanza, nitaandika kwamba hukutokea, nawe unajua maana yake."

Wale kumi na watatu walikaa. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Asumini akanyoosha mikono mbele akafungua viganja. Ngozi ilikuwa imechubuka kutoka kwenye vidole mpaka kifundo cha mkono, malengelenge yamepasuka, na leso imegandia. Katikati ya kiganja cha kulia kulikuwa na alama ya kalamu iliyokandamizwa kwa karibu saa tatu juu ya kidonda.

"Imeandika mara moja," alisema. "Mara ya pili haiwezi."

Nikaona aibu. Nimekwisha kuwa na aibu za aina nyingi, nyingine nimezisimulia hapa kwa kuchekesha, lakini ile sijapata namna ya kuichekesha. Nilitaka kuondoka. Nje ngoma zilikuwa zinaniita, Takwimu akipaza sauti kwamba basi linaanza safari ya mjini. Nikaugeukia mlango.

"Waziri wa Ustawi usiondoke," alisema Daktari Sekela, akifunua kitabu cha kanuni. "Kanuni ya arobaini na moja. Mtahiniwa aliyeumia mkono ataandikiwa na waziri wa ustawi wa wanafunzi, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza."

"Mheshimiwa Daktari, ninaye naibu..."

"Naibu wako yuko ndani ya basi."

Nilivua ngoma. Nikaketi kando ya Asumini na uso wangu wa zambarau, nikashika kalamu. Nje honi ya Mnara ililia, nyimbo zikaondoka, zikafifia, na ukumbi ukabaki na sauti ya karatasi zikifunuliwa.

Swali la kwanza lilikuwa la lazima, lenye alama arobaini. Lilisema: Kwa kutumia mfano halisi, eleza jinsi uongozi mbovu unavyoweza kuharibu huduma ya usafiri wa abiria.

Asumini alilisoma mara mbili. Kisha akaegemea kiti, akafumba macho, viganja vyake vimelala juu ya meza vikitazama dari.

"Andika," alisema. "Katika chuo kimoja kulikuwa na basi. Basi lilikuwa zima. Dereva alikuwa hodari. Barabara ilikuwa ya lami, na umbali ulikuwa kilomita nne. Abiria mmoja aliuliza mapema, kwa maneno na kwa wakati, kama basi litakuwepo. Akaambiwa litakuwepo. Nukta."

Niliandika. Nilikuja kusikia baadaye kwamba jibu hilo lilipata alama zote arobaini, na kwamba Asumini alifaulu kuliko wote kumi na watatu, lakini wakati ule nilichofanya ni kuweka nukta pale alipoitaja.

"Usafiri huo ulikuwa chini ya waziri," aliendelea. "Weka jina."

"Jina la nani?"

"La waziri. Swali limetaka mfano halisi."

Nilimtazama Daktari Sekela. Alinyanyua kidogo kitabu cha kanuni, akakirudisha.

"Moja linatosha?" nilimnong'oneza Asumini.

"Yote matatu."

Nikaandika Chesko, nikaandika Damas, nikaandika Luhanga. Wino ulichelewa kukauka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya," alisema Asumini. "Sasa teremka mstari tuanze sababu. Ziko tisa."